Maji ya Kichuguu

Kipigo kilipiga tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na kichuguu cha Senge Nangila hakikutoa hata mchwa mmoja wa kuja kutuuliza tunataka nini.

Nilikuwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa, skrini magotini, jua likinichoma kisogo. Pembeni yangu Kipigo chenyewe, nguzo ya chuma iliyozamishwa ardhini, kilikuwa kikitetema kwa upole. Ukiishika, mtetemo unaupata hadi kwenye meno. Mtetemo huo ni uongo. Unawaambia mchwa kwamba mvua iko njiani. Nao wakisadiki, wanapanda kutoka vilindini na kutoboa njia za kutokea kumbikumbi, na udongo wa mteremko wa Namusili, ambao siku hizi ni mgumu kama sakafu ya benki, unabaki na matundu kama chujio. Mvua ya kweli ikija inazama, haiteremki na shamba la mtu. Misimu mitatu tulipiga, misimu mitatu wakachimba. Nilipewa cheti, nikapigwa picha nikikumbatia nguzo yangu kama bibi harusi. Msimu wa nne wakagoma.

“Unawapigia simu hawashiki,” alisema Senge Nangila.

Huyu ni dada ya baba yangu, na kwetu shangazi wa upande wa baba huitwa Senge. Ana miaka sitini na minne, ana kinu cha kusaga mahindi, na ulimi wake husaga hata siku ambayo kinu kimeharibika. Alisimama na mikono kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi.

“Watashika,” nilisema.

“Hawatashika. Hicho kilikufa. Mukhwana alikipitia na vitu vyake, nilishakwambia.”

Mukhwana ni jirani yake wa juu. Miaka miwili iliyopita waligombania mpaka, na wiki moja baadaye kichuguu cha Senge kikanyamaza kabla ya vingine vyote. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama vile ng'ombe ana mwenyewe. Hiki aliachiwa na babu yangu, na kwa miaka mingi alikuwa akitoa hapo kumbikumbi wa kujaza beseni tatu kila msimu. Senge akajumlisha mbili na mbili zake. Tangu hapo Mukhwana hakupata salamu kutoka kwake, hata siku alipomzika mamake.

Nilizima Kipigo. Kimya kilichofuata kilinitia aibu zaidi ya kelele.

* * *

Daktari Ombeva, mkurugenzi wa Kituo cha Udongo, aliponitokea kwenye skrini hakupoteza muda na habari za watoto.

“Jumanne,” alisema. “Milimita mia na arobaini kwa saa sita. Mifumo yote mitatu ya utabiri imekubaliana. Leo ni Jumatano. Mteremko wako umefunguka asilimia ngapi?”

“Nne.”

Alifumba macho. Chini ya Namusili kuna nyumba thelathini na moja, na juu yake ardhi kavu iliyosubiri maji kama slaidi ya watoto.

“Ongeza nguvu mara nne,” alisema.

“Itawaua. Tulijaribu maabara. Walichimba siku mbili kama wenda wazimu, na mwezi haukuisha kabla hawajafa wote.”

“Mwezi haukuisha. Mimi ninaongea juu ya Jumanne.”

Kwa sheria za kituo nguvu haziongezwi bila vidole viwili kwenye kioo, chake na changu. Alijua, nami nilijua kwamba alijua.

“Nasambu,” alisema taratibu, “mwaka juzi nilizika watu saba waliotolewa kwenye tope. Wawili nilikuwa nimewafundisha kusoma. Usinifikirie mtu anayependa kuua mchwa.”

“Sikufikirii hivyo, Daktari.”

“Siku mbili zinatosha kuwapandisha. Nitakuja Jumamosi jioni. Uwe na jibu lingine lililo bora, au uwe na kidole.”

* * *

Alhamisi alfajiri nilifanya jambo ambalo ningelifanya zamani kama cheti kisingenipanda kichwani. Vipimo vyetu vilikuwa vikisikiliza mita tatu za juu tu, kwa sababu huko ndiko kazi tuliyoitaka ilikofanyika. Nilikitoa Kipigo kwenye shimo lake kandokando ya kichuguu, nikateremsha sindano ya kusikilizia mita baada ya mita. Tatu, kimya. Sita, kimya. Tisa, kimya. Kwenye kumi na moja nikasikia mchakacho, kama mtu anayeambua maganda ya mahindi makavu chumba cha pili.

Nilimwita Senge, nikamvika hedifoni juu ya kitambaa chake. Alisimama akitazama mbali.

“Wako,” alisema mwishowe.

“Wako. Wamehamia chini mita kumi na moja.”

“Wanatafuta nini huko?”

“Maji.”

Alizivua hedifoni akazishika kwa mikono miwili. “Kwa hiyo Mukhwana hakufanya kitu.”

“Hakufanya kitu, Senge.”

“Miaka miwili,” alisema. “Mamake nilimpita kwenye matanga yake kama ninayepita gogo. Na alikuwa ananiombea unga kwa Mungu, huyo mama, kinu changu kisikose cha kusaga.” Akakaa kwenye ndoo yangu. Nilidhani atalia, lakini alinigeukia mimi, macho makavu. “Haya, mimi nina langu. Na nyinyi? Mlipokuwa mnawapigia, maji yao mlikuwa mnawapa?”

“Maji gani?”

Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi na hakuuacha hivyo.

Mdundo wa Kipigo haukutoka mbinguni. Ulitoka kwake. Miaka mitano iliyopita nilikuja na kinasa sauti, naye akanipigia mdundo wa kuwaitia kumbikumbi, vijiti viwili juu ya ubao, kama wamama wa kwetu walivyopiga siku zote. Mdundo niliutoa humo. Nilifungua skrini nikalitafuta faili lenyewe, lile la mwanzo kabisa. Lilikuwa na sekunde arobaini na moja ambazo nilikuwa nimezikata kabla ya kulipeleka maabara. Nilizipa jina: kelele.

Nikazicheza. Maji yalisikika yakimwagwa polepole kutoka kwenye mtungi, mengi, na sauti ya Senge, changa kidogo, ikisema: “Nimekuja na maji. Sikuja mkono mtupu.” Kisha ndipo vijiti vikaanza.

“Hii uliitoa,” alisema Senge.

“Niliitoa.”

“Na nilikwambia. Usipige kwa mkono mtupu.”

Alikuwa ameniambia. Nililiandika hilo neno kwenye ripoti yangu, ukurasa wa tisini na kitu, nyuma kabisa, chini ya kichwa “Imani za Wenyeji”, nikaona nimewaheshimu sana wenyeji. Mimi mwenyeji. Niliona aibu.

Kwa maana sayansi yenyewe ilikuwa wazi, ningeinama tu kuiokota. Mchwa wetu ni wakulima. Chini huko wana bustani za uyoga, na uyoga huo bila unyevu unakufa, na ukifa wao hawana chakula. Mfanyakazi hubeba tone la maji mdomoni kutoka vilindini, tone baada ya tone. Akisikia mvua, hutumia akiba hiyo kulainisha njia za juu bila kujibana, kwa sababu anatarajia mbingu zitarudisha. Mtungi wa Senge ulikuwa ukirudisha. Kipigo chetu kilidai misimu mitatu mfululizo na hakikurudisha hata kijiko. Hawakuwa wamegoma. Walikuwa wamekauka, na wale waliobaki wakakimbilia chini.

“Wakishadanganywa hivyo,” nilimuuliza, “kuna dawa?”

“Iko. Unamwaga maji siku tatu. Hupigi, huombi kitu. Unamwaga na unaenda zako.”

“Kwa nini tatu?”

“Sijui. Wakati wa mama ilikuwa tatu.”

Nilipiga hesabu kwenye skrini, ukubwa wa vinyweleo vya udongo na kina cha bustani. Mtungi mmoja kwa siku ungezifikia bustani siku ya tatu hivi. Nilimwonyesha. Aliangalia zile namba kama anavyoangalia gunia la mteja ambaye amesema kilo zake mwenyewe.

“Basi tumekubaliana,” alisema. “Shida si hiyo. Shida ni mtungi.”

* * *

Lori la maji huleta mitungi miwili kwa kila nyumba kwa siku. Ya kunywa, kupika, kuosha, ya mbuzi kama unaye. Mteremko una vichuguu sitini na vitatu. Nilikuwa ninakwenda kuwaomba watu wenye kiu wawape mchwa nusu ya maji yao, kwa siku tatu, kwa neno langu, mimi niliyewakausha hao mchwa.

Walikuja kinuni asubuhi ileile, wenye vichuguu karibu wote. Kabla sijafungua mdomo Senge alisimama mbele.

“Mukhwana,” alisema. “Nilisema uliniulia kichuguu. Nilisema kanisani, nilisema sokoni, na mahali sikwenda nilituma mtu aseme. Ilikuwa uongo. Kiko hai, nimekisikia na masikio yangu. Mamako alienda bila mimi kumuaga. Hiyo siwezi kurudisha.”

Mukhwana ni mtu mrefu, mpole, fundi wa baiskeli. Alikuna shingo.

“Nilijua, mama,” alisema. “Ile kitu iliniuma ni unga. Nilikuwa ninatembea mpaka ng'ambo kusaga.”

Watu wakacheka, Senge naye, huku akijifuta macho kwa aproni. Kisha zamu yangu ikafika. Niliwaambia yote: sekunde nilizokata, uyoga, akiba ya maji, Jumanne. Niliwaambia kwamba mkurugenzi ana njia nyingine, na kwamba njia hiyo ingefungua udongo kwa hakika, kisha mwezi ujao mteremko wote ungebaki bila mchwa, na msimu ujao, na mwingine.

“Na hii yako ina hakika?” aliuliza Mukhwana.

“Haina. Senge anaijua kwa kichuguu kimoja kimoja, mimi ninaijua kwa hesabu. Sitini na vitatu hakuna aliyewahi kujaribu.”

“Daktari Nasambu,” alisema Mukhwana, “mimi ninakuamini. Lakini nyumbani nina mtoto wa wiki tatu, na mamake anaumwa. Mtungi siwezi kutoa. Nikisema nitatoa nitakuwa ninakudanganya.”

Nilimwambia nimeelewa. Niliumia, kwa sababu kichuguu cha Mukhwana ndicho kikubwa kuliko vyote na kimekaa juu kabisa ya zile nyumba thelathini na moja. Kikibaki kigumu, tope lingeanzia hapo. Maji yangu mwenyewe nilishawaahidi wazee wawili wasioweza kubeba. Nikakishika kichwa, nikaamua kwamba sindano pekee niliyonayo nitaihamishia huko, ili Ombeva akija asikilize mahali pabaya kuliko pote. Hilo niliona ndilo la haki.

Siku hiyo na mbili zilizofuata niliona kitu ambacho sikuwahi kufundishwa. Watu walipanda na mitungi vichwani, wakamwaga taratibu wasipoteze hata tone, wakageuka bila kusema neno. Mwanamke mmoja alimwaga, akaulamba mdomo wa mtungi, akaondoka. Mimi nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga, mikono ikiniwasha kuwasha mtambo. Kukaa bila kupima kitu ni kazi ngumu kuliko kazi zote.

Ijumaa asubuhi nilikuta kichuguu cha Mukhwana kimeloa. Jumamosi vilevile. Nikasema moyoni, mwanamume yule ana moyo, ametoa na hakutaka kujitangaza. Sikumuuliza, nisimwaibishe.

* * *

Ombeva alifika Jumamosi saa kumi na moja jioni, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la njia. Alitazama nguzo zilizozimwa, akatazama mawingu yaliyoanza kurundikana upande wa mlima.

“Mmewapigia mara ngapi?”

“Hatujawapigia kabisa.”

“Nasambu.”

“Sikiliza kwanza, Daktari.”

Nilimpa hedifoni. Sindano ilikuwa mita nne ndani ya kichuguu cha Mukhwana. Alhamisi hapo palikuwa kimya. Sasa palikuwa na mchakacho mzito, maelfu ya midomo ikitafuna udongo. Nikaipandisha mita tatu. Vilevile. Mita mbili na nusu. Walikuwa wakipanda wenyewe, bila kuitwa na mtu.

“Hiki ni kichuguu kimoja,” alisema Ombeva.

“Ni kimoja. Vingine niliviwekea sikio tu, na nusu yake vinasikika. Sina zaidi ya hapo.”

“Nusu yake na sikio.” Alikaa chini, suti na yote. Aliweka kidole chake juu ya kioo bila kukigusa, kikabaki hewani. “Nikikosea hapa, nitachimba tena makaburi. Unajua hilo?”

“Ninajua. Nitachimba na wewe.”

Senge alikuwa amekuja nyuma yetu kimya. “Mwalimu,” alimwambia, kwa kuwa alisikia aliwahi kufundisha, “ukiwapigia sasa watapanda mbio, kweli. Lakini wamekuja wenyewe. Mtu akiwa njiani kuja kwako, humtumi polisi kumleta.”

Ombeva alikirudisha kidole chake mfukoni pamoja na mkono mzima, akaomba aonyeshwe mahali pa kulala. Hakulala. Jumapili na Jumatatu alitembea na sisi mlango kwa mlango akiwahamisha watu wa bondeni kwenda shuleni, endapo tumekosea.

* * *

Mvua ilianza Jumanne saa tatu asubuhi na haikutania. Kutoka kwenye dirisha la shule tuliona mteremko ukipotea katika weupe. Saa ya kwanza hatukuona tope. Ya pili vilevile. Mnamo saa ya nne kijito chekundu kilishuka upande wa magharibi, kikaingia mashambani, kikageuka kabla ya kufika kwenye nyumba. Hakikufuatwa na kingine. Ombeva alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, na mgongo wake ulikuwa ukitikisika, na watu walijifanya hawamwoni.

Ilipokatika nilipanda mbio. Chini ya kichuguu cha Mukhwana udongo ulikuwa laini kama mkate. Nilikanyaga nikazama hadi kifundoni, na sikuwahi kufurahia kuharibu viatu kiasi kile. Mukhwana alinikuta hapo, akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

“Asante kwa maji, Daktari,” alisema. “Nilikuwa ninaona mmemwaga, nikaona haya kuja kushukuru.”

“Maji gani? Si ulimwaga wewe?”

“Mimi nitatoa wapi?”

Tulitazamana. Kupiga kichuguu cha mtu kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Kumwaga hakuhitaji. Tukageuka wote wawili kuangalia upande wa magharibi, pale kile kijito kimoja kilipoanzia.

Shamba la Senge Nangila lilikuwa korongo. Mahindi yake yalikuwa yameshuka na udongo wake hadi kwa watu wengine. Kichuguu cha babu kilikatwa katikati kama mkate, vyumba vyake vidogo vidogo vikiwa wazi, vitupu, na shimo la Kipigo changu pembeni lilikuwa limegeuka kinywa kilichomeza maji yote yaliyopita pale. Senge alikuwa amesimama kando yake, sketi imejaa matope mpaka kiunoni.

“Senge, ulikuwa na mtungi mmoja wa kutoa,” nilisema. Sauti haikunitoka vizuri.

“Mmoja.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenikataza. Nyumba ziko chini ya kichuguu cha Mukhwana, si chini ya changu. Na mamake alikuwa ananiombea unga.” Alipangusa mkono kwenye sketi, haikusaidia. “Lete kile kitu chako. Nisikilizie.”

Niliishusha sindano kwenye lile shimo. Mita tatu, sita, tisa, kumi na moja. Maji yalikuwa yakidondoka humo, tone, kimya, tone. Niliishusha mpaka kumi na nne, waya ulipoishia, nikabana hedifoni kwa viganja, nikashika pumzi. Nilisubiri muda mrefu. Yeye hakuwa na hedifoni. Chochote ambacho ningesema, angekisadiki. Na ningetaka sana kusema wapo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, na Mukhwana nyuma yangu nilimsikia akiomba kwa sauti ya chini.

Nilizivua.

“Hawako, Senge.”

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kuutafutia mahali begani.

“Asante,” alisema. “Ungesema wako, ningekuwa ninawaletea maji mpaka nife.”